Sekunde 3,600 za Uhai wa Jina Letu

Jumatatu, 4 Machi

Kuanzia leo saa mbili asubuhi, mtandao wa dunia nzima, kwa upande huu wa barabara, uko mikononi mwangu. Sijisifu. Naandika tu ili wajukuu wasije wakabishana.

Ilikuwa hivi. Mpwa wangu, binti wa mdogo wangu, ndiye fundi wa kompyuta katika ukoo. Mimi ni mshauri wake, ingawa hajawahi kuniomba ushauri. Leo kaniomba! Kapiga simu ofisini. Jumamosi alihamisha tovuti ya karakana yetu ya useremala kutoka mahali pa zamani kwenda mahali papya, akataka nihakikishe kama jina letu la mtandaoni linaelekeza watu kule kupya.

Akaniongoza nikafungua dirisha jeusi. Jeusi tii, halina hata ua la mapambo. Nikaandika herufi tatu: dig, amri ya kuuliza jina linaelekea wapi. Nafasi. Kisha jina la karakana lote mpaka mkiani. Nikabonyeza enta.

Yakamwagika maandishi! Mistari kumi na tano, hamna hata salamu. Mtu mwingine angetoka mbio. Mimi nilivuta kiti karibu.

Mpwa akasema mengine yote niyaache, nitazame mstari mmoja tu. Mwishoni mwake kuna anwani ya tarakimu zenye nukta katikati. Niilinganishe na ile aliyoniandikia kwenye karatasi. Zikifanana, mambo safi. Zikitofautiana, nimwambie papo hapo, kwani bila anwani mpya watu wataendelea kuona ukurasa wa zamani.

Sasa, karatasi nilikuwa nimeikunja mara nne na kuiweka chini ya mguu wa meza. Meza inayumba. Meza ya ofisi ya maseremala! Aibu, ila si yangu. Na mtu wa cheo changu hainami akiwa kwenye simu. Nikaitazama ile anwani kwenye dirisha. Ilikuwa na sura ya uaminifu. Nikamwambia zinafanana kama mapacha.

Akashusha pumzi. Akasema, "Ahsante Mjomba, umenitua mzigo." Kisha akaingia kwenye mafunzo ya kikazi. Wanakusanyiwa simu mlangoni, hapatikani mpaka Alhamisi asubuhi. Kaniachia nchi.

Jumatatu hiyohiyo, mchana

Mdogo wangu, mwenye karakana, kaniita. Ananiita Kaka, kwa heshima zote, lakini heshima yake ina meno ya msumeno.

Kanikumbusha yale ninayoyajua. Miaka tisa karakana imechonga majeneza. Ukurasa wa zamani ulikuwa majeneza matupu, yamepangwa kwa saizi, na picha yangu pembeni nikitabasamu. Yeye amechoka. Anataka wateja wanaorudi. Sasa ni madawati ya shule tu. Ukurasa mpya una madawati tu, aliuona Jumamosi kwenye kompyuta ya bintiye, akaridhika. Maombi ya majeneza ameshayakataa yote.

Alhamisi saa tatu na nusu, kamati ya shule moja kubwa itakaa na mwalimu mkuu, wafungue tovuti yetu na ya jirani yetu Randa kwenye skrini kubwa, wachague mmoja wa kuwachongea madawati mia mbili. Tukiikosa kazi hiyo, mafundi wanne kati ya kumi na mmoja wanarudi kwao. Na mimi, kasema, nitarudi banda la msasa.

Banda la msasa! Nilikaa humo miezi mitatu. Nilikuwa nikipiga chafya, inatoka mbao.

Alinipeleka kule kwa sababu ndogo sana. Nilimwambia mteja kwamba kabati letu liliwahi kuanguka kutoka ghorofa ya tatu na kilichopasuka ni barabara. Mteja akaenda kujaribu.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya kihistoria. Mkono wangu wa kulia bado unanata.

Asubuhi nilifungua dirisha jeusi kwa hiari yangu. dig, nafasi, jina, enta. Nikasoma kwa utulivu. Kumbe kati ya jina na anwani kuna namba ambayo mpwa hakuitaja. 2914. Nikarudia amri. 2902. Nikarudia. 2890! Nikaipima na saa ya ukutani: kila sekunde ikipita, moja inaondoka.

Nikaelewa. Jina letu linakufa.

Nikapiga hesabu nyuma ya kipande cha plaiwudi. Dakika arobaini na nane! Yule binti hakuniambia kwa kunionea huruma.

Nikatoka uani nikagonga kile chuma cha kuitia watu chakula. Mafundi wakatoka wote, gundi mikononi. Msumari, yaani msimamizi wao, akauliza kama kuna moto. Nikasema afadhali ingekuwa moto. Nikaamuru mashine zote zizimwe, jina lipate umeme wa kutosha. Msumeno mkubwa ukanyamaza. Wakajazana ofisini, wengine dirishani. Nikawa narudia amri kila baada ya muda, nasoma namba kwa sauti. Ilipofika mia moja Msumari akavua kofia.

Ilipofika kumi na mbili nikasimama. Nikaweka kiganja juu ya skrini nikaikemea. Maneno niliyotumia siwezi kuyaandika, yalikuja yenyewe. Sita. Nne. Moja...

3600!

Kelele zilizopigwa! Msumari akaja kunipa mkono, nikampa, tukabandana. Ile gundi ya kazi, si mchezo. Ilibidi tutembee pamoja mpaka kwenye mafuta ya taa.

Mdogo wangu akarudi kutoka kununua mbao wakati huohuo. Akakuta mashine kimya, wanaume kumi wanaipigia makofi kompyuta, na mimi nimeshikana mkono na msimamizi wake kama maharusi. Nikamweleza. Akasema binti yake akitoka mafunzoni atamuuliza, na mpaka hapo nisiguse kitu.

Kutazama si kugusa. Na simu si kompyuta.

Nikampigia karani wa ile shule, mama mmoja mpole, nikamwambia afungue tovuti yetu aone mambo. Akafungua. Akanyamaza. Kastaajabu, nikajua. Kisha akauliza kwa sauti ndogo kama kweli hivi ndivyo tunavyokusudia kwa wanafunzi. Nikasema kwa wanafunzi, na kwa walimu pia. Akauliza kama saizi za watoto zipo. Nikasema tunapima mmoja mmoja, na mtoto akishaingia pale hatapata tena maumivu ya mgongo. Akasema, "Haya, ahsante," akakata simu.

Nimemgusa moyo. Nitampigia tena kesho.

Jumatano, 6 Machi

Nimempigia karani mara mbili. Mara ya pili nilisikia akimwambia mwenzake, "Ni yule baba tena." Nimeshakuwa baba kwao! Nikamwomba afungue tena na tena, ajizoeze.

Tovuti yenyewe sijaifungua. Ya nini? Hayo ni majani, wataangalia wateja. Mimi nashughulika na mizizi.

Leo nimetanua himaya. Nikawaza: kama letu lina namba, la Randa je? Randa ana karakana ng'ambo ya barabara. Tangu mwaka juzi anaegesha lori lake bovu mbele ya lango letu, akiambiwa anasema linapumzika. Nikaandika dig na jina lake.

212!

Masikini. Sisi tunaanza na 3600, mwenzetu kabakiwa na dakika tatu na nusu. Nikavuka barabara mbio, nikamkuta anakunywa chai. Nikampa pole. Akauliza pole ya nini. Nikamwambia jina lake la mtandaoni linakata roho, nimeliona kwa macho yangu, na hapa upande huu hakuna anayeweza kulirudisha ila mmoja.

Akaweka kikombe chini. Habari za Jumanne zilikuwa zimemfikia, Msumari ana mdomo. Akasema, "Ndugu yangu, fanya lolote." Nikasema kazi hiyo inahitaji njia iwe wazi, hasa njia ya langoni kwetu.

Wakalisukuma lori watu watano. Nikarudi mbio, nikaketi, nikakemea. 300! Nikatoka langoni nikapiga ukelele kwamba amepona. Randa akainua mikono yote miwili. Nilikaribia kulia.

Lango letu lilikaa wazi kwa saa mbili na robo. Mchana mkwewe Randa, anayetandaza nyaya za mtandao, akaja akamweleza sijui nini. Lori likarudi, tena karibu zaidi. Sasa inabidi tuingie upandeupande. Randa akamtuma mtu aniambie kwamba ile namba inashuka na kupanda yenyewe kutwa nzima bila kufanya kazi yoyote, kama mimi.

Hiyo ndiyo shukrani ya mtu niliyemfufua. Mafundi wamecheka. Msumari kacheka mpaka kaegemea mbao, na leo nilimpa mkono wa kushoto tu.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika haya nikiwa nimekaukiwa koo. Nieleze kwa utaratibu.

Saa tatu kasoro dakika kumi nilimpigia karani, mara ya mwisho kabla ya kamati. Nikamwomba afungue tovuti, aiache hivyohivyo tayari kwa wakubwa. Akasema amefungua. Akasema pia kwamba Mungu atusaidie wote. Mcha Mungu yule mama.

Saa tatu na dakika tano mdogo wangu akaingia ofisini, simu mkononi, sauti imefunguliwa, uso umebadilika rangi. Mpwa alikuwa amerudishiwa simu yake. Kitu cha kwanza alifungua tovuti yetu. Kakuta majeneza.

Akasema, "Mjomba, andika dig, unisomee anwani." Nikasoma. Inaishia na 38. Akasema, "Sasa soma ya kwenye karatasi." Nikasema karatasi ina shughuli. Mdogo wangu akauliza shughuli gani. Nikaonyesha kwa kidole cha mguu. Msumari akainua meza. Karatasi ikakunjuliwa.

Inaishia na 204.

Hata msumeno mkubwa niliona kama umenyamaza.

Kusema kweli kosa la kwanza ni la mpwa. Jumamosi aliandika anwani mpya akasahau kubonyeza hifadhi. Mwenyewe kakiri. Lakini akaongeza kwamba ndiyo maana aliniomba nitazame, na kwamba kulinganisha namba mbili hata kuku anaweza. Kuku! Kwa mjomba wake!

Saa tatu na robo akawa amesharekebisha. Nikarudia amri kwa furaha. Bado 38! Na ile namba yangu: 2087. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaikemea.

Hapo ndipo aliponieleza. Kasema namba ile si uhai wa jina. Ni muda. Wanaotupa mtandao wakishauliza anwani mara moja, wanaikariri kwa saa nzima, hawaulizi tena mpaka muda uishe. Ukiisha wanauliza upya, namba inarudi 3600. Kwa hiyo namba ikiisha ni heri, ndipo majeneza yanapoondoka. Na kule shuleni nako ni hivyohivyo: wameshika jibu la zamani tangu mara ya mwisho mtu alipofungua.

Akauliza kama kuna mtu shuleni aliyefungua asubuhi hii.

Nikatazama dari. Mdogo wangu akaniuliza nimempigia karani mara ngapi tangu Jumanne. Nikasema tatu. Basi nne. Ya leo ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi.

Mpwa akapiga hesabu. Shule nzima itaona majeneza mpaka saa nne kasoro dakika kumi. Kamati inakaa saa tatu na nusu. Dakika ishirini za majeneza kwenye skrini kubwa!

Mdogo wangu akakaa juu ya kopo la rangi. Hakunifokea. Alisema tu, polepole, kwamba wale wanne hajui atawaambiaje. Hilo lilinichoma kuliko ningetukanwa. Mmoja wa wale wanne alikuwa dirishani, kashika mkebe wa vanishi.

Nikachukua simu. Nikampigia mwalimu mkuu mwenyewe. Saa tatu na dakika ishirini na sita.

Akasema ana kikao. Nikasema nataka kumweleza neno moja kuhusu madawati kabla hajafungua chochote. Neno moja tu. Nikaanza na lile dawati letu lililochukuliwa na mafuriko na mwanafunzi juu yake, likaelea kilomita sita, na mtoto alipookolewa alikuwa ameshamaliza hesabu zote na kuzisahihisha. Mwalimu mkuu akauliza alisahihisha kwa kalamu gani. Nikasema kalamu ilikuwa droo ya kushoto, na droo haikuingiza tone. Akacheka! Nikamwomba aniweke kwenye sauti, kamati nayo inufaike. Akaniweka.

Nikawapa la mkaguzi wa shule aliyekalia dawati letu akakataa kushuka, ikabidi wamhamishe nalo kwenda wizarani. Nikawapa la mchwa waliokuja kulila wakaishia kuomba kazi ya ulinzi. Msumari alikuwa ananionyesha dakika kwa vidole. Mdogo wangu alikuwa anatazama saa ya ukutani. Sauti moja ya kiume kwenye kamati ikawa inauliza, "Enhe? Halafu?" Mwenye sauti hiyo ningemuoza binti, kama ningekuwa na binti.

Saa tatu na dakika arobaini na nne, nikaishiwa.

Haijawahi kunitokea. Sauti ya kiume ikasema, "Haya, sasa tufungue hiyo tovuti." Bado dakika sita! Mdogo wangu akafumba macho.

Basi nikasema lililokuwepo. Nikawaambia kuhusu karatasi chini ya mguu wa meza. Kuhusu dirisha jeusi, na mashine nilizozima, na Msumari na gundi, na Randa na lori lake. Nikawaambia kwamba hivi sasa wakifungua watakuta majeneza, na kwamba mwenye karakana hana kosa, anachonga madawati mazuri, mwenye kosa ni mimi, kakaye.

Wakacheka vibaya mno. Walicheka kuliko kwenye mafuriko! Sikuelewa. Hadithi yenyewe sikuitia chumvi hata kidogo. Nikamsikia karani akisema, "Kumbe! Na mimi siku tatu sijalala vizuri!" Mwalimu mkuu alikuwa anajaribu kutuliza watu, sauti yake yenyewe inakatika.

Msumari akaonyesha vidole kumi, mpaka kucha. Saa nne kasoro dakika kumi. Mpwa, aliyekuwa kwenye simu ya pili, akasema sasa wafunge kabisa, wafungue upya.

Wakafungua.

Nikasikia mtu akisema, "Aa, si ndiyo madawati haya!" Mwanamke mwingine akauliza kama lile lenye ndoano ya mkoba ubavuni lipo kwa wadogo. Mdogo wangu akanipokonya simu. Akajibu mwenyewe, kila swali, bila chumvi. Tumepata mia na arobaini. Sitini amepewa Randa, kwa sababu kamati ilimwonea huruma ya lori.

Aliyekuwa dirishani kamwaga vanishi kwa furaha. Hakuna aliyemgombeza.

Ijumaa, 8 Machi

Nimetafakari usiku kucha na nimefikia uamuzi: nilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Tuangalie matukio. Nani alisema namba ile ina hatari? Mimi. Nani alikesha nayo? Mimi. Na jana, saa nne kasoro dakika kumi, ilitii. Mpwa anasema ingetii hata kama ningekuwa nimelala. Anasema hivyo kwa sababu ya elimu.

Mdogo wangu kaniita asubuhi. Kasema nibaki ofisini, banda la msasa halinihusu tena. Masharti mawili: nisiguse kompyuta, na nikipokea simu za wateja niseme ya kweli, kwani inaonekana ndiyo yanayowachekesha. Yaani kanipandisha cheo. Bosi wa mtandao hagusi mtandao, anaamuru tu.

Kuna jambo jipya lakini, kubwa. Leo wakati wa chai niliandika dig kwa mara ya mwisho kabisa, nikaongeza herufi mbili nilizomsikia mpwa akizitaja, M na X, zinazoonyesha barua pepe zetu zinapokelewa wapi. Mbele ya jibu letu kuna namba 10. La Randa, 50! Wametupa kumi, jirani wamempa hamsini, na sisi ndio wenye madawati mengi! Mpwa nimempigia, kasema hapo namba ndogo ndiyo inayotangulia, na kwamba niache. Sijaacha. Nimeandika barua ya malalamiko kwa yeyote anayehusika, kuomba tupewe angalau tisini na tano. Nitaipeleka Jumatatu kwa mkwewe Randa, si anajua nyaya zinapopita.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Mafundi wameondoka. Mdogo wangu kapita mlangoni, kasema, "Kaka, zima hiyo mashine twende." Nimemjibu kwamba nalinda kidogo, atangulie. Kasema sawa, kaniamini.

Ukweli ni kwamba sijui kulifunga lile dirisha jeusi. Tangu Jumatatu kila nikitaka kuandika dig nafungua jingine. Yako thelathini na mawili, nimeyafunika kwa gunia, na naogopa nikizima mtandao wote utazimika.